Filimbi Iliyonyamaza

Wahenga walinena, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hili twalitumia sana kuonya, maana anyamazaye huenda ana jambo moyoni. Mwezi huu nataka tulitazame kwa upande mwingine, wasomaji wapenzi. Kitu kikinyamaza, wengi wetu husema mara moja kwamba kinywa chake kimekufa. Kumbe pengine kinywa ni kizima, na kilichoziba ni njia ya kukifikia. Jambo hili nalilipata mezani, kwa kulifungua gari la moshi la kuchezea lililoundwa Marekani zaidi ya miaka 75 iliyopita.

Najua wako watakaocheka wakisema, Mwalimu mzima, mwenye mvi kichwani, aandike habari za mchezo wa watoto? Nawasihi wasicheke upesi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kitu chenyewe chatosha kukaa juu ya meza ya kulia chakula, lakini ndani yake, pamoja na behewa lake la makaa, mna mota mbili, swichi mbili za sumaku, taa, kifaa cha kutoa moshi, na filimbi. Tena waliokiunda walikusudia kwamba kikiharibika kifunguliwe, kitengenezwe, kifungwe tena. Siku hizi vitu vya namna hiyo vimekuwa haba, hata kukishika kimoja ni kama kusoma barua ya fundi wa zamani.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, mji ulio kando ya reli itokayo Tanga. Katika ujana wangu nalikaa miaka miwili kwa fundi wa redio, akanifundisha kutia lehemu na kusoma mita. Baadaye nikawa mwalimu, na kazi ya ualimu ikanifikisha Marekani, katika jimbo la New Jersey, ninakofundisha Kiswahili. Jirani yangu ni mzee aliyezaliwa mwaka 1940. Katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1948 baba yake alimpa gari hilo la moshi, naye hajaachana nalo tangu siku ile. Reli zake amezitandika juu ya meza kubwa katika chumba cha chini ya nyumba, pamoja na daraja la bati na kituo kidogo.

Lakini mzee huyu sasa haoni. Presha ya macho imemchukulia nuru yake kidogo kidogo, hata leo hutambua mchana na usiku tu, umbo la kitu halijui ila kwa kulipapasa. Gari lake alilijua kwa masikio. Penye daraja magurudumu yalilia sauti ya bati. Penye kona yalikwaruza. Naye alipobonyeza filimbi aliweza kunyosha kidole na kusema, Liko pale. Siku filimbi iliponyamaza, alipotewa na gari lake kabisa, maana mlio wa magurudumu peke yake ulimchanganya katika chumba kile chenye mwangwi. Akaacha kushuka chini. Nalipomtembelea aliniambia kwamba amekusudia kuvigawa vyote, reli na magari na kituo, kabla ya mwaka kwisha. Alilisema kwa upole, kama mtu asemaye kwamba mvua imekatika, nami nikaona kwamba shauri hilo limemwumiza.

Kabla ya kueleza tulivyofanya, imenipasa kueleza habari za kitu chenyewe, maana asiyejua njia ya sauti hawezi kujua ilipokatika.

Kampuni iliyoliunda huitwa Lionel. Ilianzishwa mjini New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen, na baadaye kiwanda chake kikawa Irvington, katika jimbo hilihili la New Jersey. Reli zake ni tatu, wala si mbili kama za gari kubwa: ile ya katikati huleta umeme, na zile za pembeni huurudisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, kazi ya kuunda magari ya kuchezea ilisimamishwa, na kiwanda kikaunda dira na vyombo vingine vya jeshi la majini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 kazi ilianza tena, na mwaka 1946 kikatoka kichwa namba 671, ndicho cha mzee wangu.

Kichwa hicho kimeigwa kutoka kichwa cha kweli cha shirika la reli la Pennsylvania, namba 6200, kilichoundwa mwaka 1944. Hicho hakikuwa na pistoni za kwenda mbele na nyuma kama vichwa vingine. Mvuke ulisukuma tabaini, yaani gurudumu lenye mabapa mengi, nayo tabaini ikaendesha magurudumu. Kwa hiyo hakikuhema ile pumzi ya kukatikakatika ambayo kila mtoto wa kando ya reli huiiga kwa mdomo. Kiliundwa kimoja tu, hakikupata ndugu, na mwaka 1952 kikavunjwavunjwa. Ajabu ni kwamba mfano wake wa kuchezea, wenye magurudumu 20 kama mzazi wake, ungali ukienda katika nyumba nyingi za Marekani hata leo. Mkubwa amekufa, mdogo anaishi.

Filimbi haimo katika kichwa, imo katika behewa la makaa linalokifuata. Lionel ilianza kutia filimbi ya namna hii mwaka 1935. Humo mna mota ndogo inayozungusha gurudumu lenye mabapa, mfano wa feni. Gurudumu hilo huvuta hewa na kuisukuma kupitia vyumba viwili vitupu visivyolingana; hewa ipitapo midomoni mwake hulia sauti mbili kwa pamoja, moja nene na moja nyembamba, kama mtoto apulizapo mdomo wa chupa. Twasema debe tupu haliachi kuvuma, tukimkejeli mwenye maneno mengi. Hapa utupu wenyewe umepimwa kwa hesabu ili uvume vema. Hakuna sauti iliyohifadhiwa mahali, hakuna sahani ya santuri, hakuna spika. Kila filimbi inapolia ni pumzi mpya.

Sasa liko swali. Umeme wa reli ni mmoja, na mota ya gari na mota ya filimbi hunywa katika kisima kimoja. Filimbi itajuaje kwamba sasa imekuwa zamu yake? Jibu la mafundi wa zamani hunifurahisha kila nilikumbukapo. Umeme unaoendesha gari ni wa kwenda na kurudi. Katika Marekani hukamilisha safari hiyo mara 60 kwa sekunde moja. Mchezaji akibonyeza mkono wa filimbi ulio juu ya transfoma, umeme hupitishwa katika kisahani kidogo cha shaba, ambacho uso wake umefunikwa na oksidi ya shaba. Kisahani hicho ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: umeme wa kwenda hupita, umeme wa kurudi huzuiwa. Basi katika reli huwako umeme wa upande mmoja, uliochanganyika na ule wa kwenda na kurudi. Ndani ya behewa, mbele ya mota ya filimbi, imewekwa swichi ya sumaku iliyoundwa isijali umeme wa kwenda na kurudi hata kidogo; bali ikiuhisi ule wa upande mmoja hujivuta, hufunga njia, na mota hupata chakula chake. Swichi ile ni bawabu aliyeagizwa asimfungulie mtu, ila yule atakayebisha kwa namna iliyopatanwa.

Mkono wa filimbi una hatua mbili. Ya kwanza hupeleka nguvu nyingi za kuivuta swichi. Ya pili huzipunguza, kwa kuwa kushikilia kitu kilichokwisha kuvutwa ni kazi ndogo kuliko kukivuta. Tena mkono huo huongeza volti kidogo, ili gari lisilegee wakati filimbi inapokula pamoja nalo. Ukumbukeni mnyororo huu, wasomaji: transfoma, kisahani, reli, magurudumu, swichi, mota, feni, vyumba vya hewa. Pete yoyote ikikatika, mwisho wake ni kimya kilekile, na asikilizaye hawezi kujua ni pete ipi.

Fundi mmoja aliyetazama behewa kabla yangu alikuwa amempa mzee shauri la kutoa vyote vilivyomo, na kutia badala yake bamba la elektroniki lenye spika na sauti iliyorekodiwa. Shauri hilo si la kijinga. Magari ya kuchezea ya siku hizi hubeba sauti zilizochukuliwa katika vichwa vya kweli, kengele, breki, hata maneno ya mkuu wa kituo, nazo ni nzuri mno. Lakini mzee alikataa. Nalipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, hiyo ni sauti ya gari jingine iliyotiwa ndani ya gari langu. Haitaniambia lolote juu ya hili."

Nalilipima neno lake nikaona ni kweli. Sauti ya rekodi hutoka sawasawa daima, kama umeme ni mwingi au ni kidogo, ilimradi bamba lake lipate wa kulitosha. Filimbi ya feni haiwezi kuficha hali. Mota yake hulishwa na reli palepale ilipo. Umeme ukipungua, feni hulegea, sauti hushuka na kuwa hafifu. Ukirudi, hupanda tena. Kwa mwenye macho hilo ni dosari ndogo. Kwa asiyeona ni habari.

Basi tukapatana kujaribu. Yule fundi wa redio wa ujana wangu alikuwa na kanuni moja: anzia mwisho wa njia, urudi nyuma hatua kwa hatua, na kila mara jaribu jambo moja tu. Kabla ya kushika bisibisi nalimwomba mzee anisimulie jinsi filimbi ilivyokufa, nami nikaandika kila neno katika daftari. Alisema mambo matatu. La kwanza, sauti ilikuwa ikidhoofika kwa muda mrefu kabla ya kukatika. La pili, ilikatika siku moja, ikawa haijaribu hata kukoroma. La tatu, "Tangu siku ile, nikibonyeza mkono wa filimbi, gari huongeza mwendo." Hilo la tatu nalilitia mstari chini yake.

Jioni ya kwanza tulifungua behewa. Skrubu nalizipanga katika kifuniko cha kopo kwa utaratibu zilivyotoka, na nyaya nikazipiga picha kabla ya kuzigusa. Kisha nikachukua betri ya volti 6. Betri hutoa umeme wa upande mmoja, kwa hiyo yatosha kuiita swichi na kuilisha mota kwa mara moja. Nikaigusisha kwenye gurudumu na kwenye kile kigurudumu cha chini kinachopokea umeme wa reli ya katikati. Swichi ikalia tak, ikajivuta. Bawabu alikuwa hai. Lakini mota haikuzunguka. Nikaisukuma feni kwa ncha ya kidole, ikagoma kama mlango uliovimba kwa mvua.

Ugonjwa wa kwanza ukawa wazi. Grisi na mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda yakawa kama ulimbo. Nikayalainisha kwa spiriti na kuyafuta kwa kitambaa mpaka ekseli ikazunguka kwa pumzi ya mdomo. Kisha nikatazama komuteta, yaani ile pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, ambayo kwayo umeme huingia katika sehemu inayozunguka. Ilikuwa nyeusi tii, na nyufa zake zimejaa vumbi la kaboni. Vumbi hilo hupitisha umeme, na likijaa katika nyufa huunganisha vipande ambavyo yapasa vitengane. Nikayatoa kwa kijiti cha meno, nikaisugua shaba kwa kitambaa chenye spiriti hata ikang'aa. Vipande viwili vya kaboni vinavyoigusa pete hiyo vilikuwa vimelika, kimoja kimebaki kifupi mno hata springi yake haikukisukuma tena, nikatia vipya. Midomo ya swichi nikaipitisha karatasi laini, maana tupa au msasa mkali ungekula madini yake na kuacha mikwaruzo. Kifuniko cha vyumba vya hewa kilikuwa kimelegea, pumzi ikipotea pembeni; nikakikaza. Mwisho nikatia mafuta, tone moja kila upande wa ekseli, kwa ncha ya sindano. Mafuta yakizidi hurushwa na feni, hunata vumbi, na baada ya miaka michache huwa ulimbo uleule tuliotoka kuung'oa.

Jioni ya pili nikairudia betri. Feni ikavuma, kisha sauti ikapanda, mbili kwa pamoja, ikajaa chumba. Mzee alikuwa ameketi karibu na meza. Hakusema neno; aliweka kiganja chake juu ya behewa auhisi mtikisiko, akakaa hivyo mpaka nilipoondoa betri.

Tukafunga behewa, tukaliweka relini, tukawasha transfoma. Gari likaenda. Mzee akabonyeza mkono wa filimbi. Kimya. Gari likaongeza mwendo, likazunguka kona mbio, na filimbi haikutoa hata mkoromo.

Hapo ndipo neno la tatu la daftari lilipozaa matunda. Kisahani cha transfoma kikiwa kizima, mkono ukibonyezwa, umeme wa upande mmoja huzuiwa. Kikikatika kabisa, umeme wote huzuiwa katika hatua ile ya kwanza, na gari husita au husimama. Lakini gari la mzee halikusita, lilikimbia. Maana yake ni kwamba mkono uliongeza volti zake kama desturi, na kisahani kikaziacha zipite pande zote mbili pasipo kuchagua. Mlango wa upande mmoja ulikuwa umevunjika bawaba, ukawa uwazi mtupu. Bawabu wa behewa alikuwa macho, kinywa kilikuwa kizima, lakini hakuna aliyebisha kwa namna iliyopatanwa. Nikaweka mita kati ya reli, nikaielekeza ipime umeme wa upande mmoja tu. Mkono ulipobonyezwa, mshale haukuondoka kwenye sifuri.

"Masikio yako yalikwisha kuugundua ugonjwa, Mzee," nalimwambia. "Kilichobaki kilikuwa ni kuyaamini."

Transfoma yake ni ya wati 90, aina ya 1033. Niliichomoa kabisa katika umeme wa nyumba kabla ya kuifungua, maana humo huingia volti 120, nazo hazina utani. Ile waya ya kuingizia umeme ilikuwa imepasuka ngozi. Tukaibadili papo hapo. Kisahani cha shaba kilikuwa kimebabuka na kuungua katikati. Mzee aliuliza kama kiko cha namna ileile cha zamani. Nikamweleza kwamba visahani vya zamani vina uzee uleule, na kwamba siku hizi mafundi hutia diodi ya silikoni yenye kuhimili ampea nyingi, ambayo hufanya kazi ya mlango wa upande mmoja kwa uaminifu zaidi. Upande iangaliao hauidhuru filimbi hii, kwa kuwa swichi yake ya sumaku huvutwa sawasawa na umeme wa upande huu au wa upande ule. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyo ni mtumishi wa nyuma ya pazia. Mbadilishe."

Jioni ya tatu filimbi ililia relini. Gari lilizunguka, mzee akibonyeza na kuachia, akilifuata kwa uso wake kama anayeliona. Baada ya mzunguko wa nne akaniambia, "Katika kona ya mbali, karibu na ukuta, sauti inashuka. Pana kasoro." Nikaenda kwenye kona hiyo nikakuta maungio ya reli mbili yameshika kutu, umeme ukipita kwa shida. Nalisugua maungio yale, nikayakaza kwa koleo, na katika mzunguko uliofuata sauti haikushuka. Mimi mwenye macho mawili nalikuwa nimepita pale mara nyingi jioni ile bila kuona kitu. Spika yenye sauti ya rekodi isingalimwonyesha jambo hilo. Tangu hapo hakulitaja tena lile shauri la kuvigawa vitu vyake.

Nimelifikiri sana neno lake juu ya mtumishi na pazia. Wako wapendao vitu vya kale ambao hawataki hata waya moja ibadilishwe, nao huishia kuwa na kitu kizuri kisichofanya kazi, au chenye waya uliopasuka utakaounguza nyumba. Wako wengine ambao kikinyamaza kidogo hukitoa matumbo yote na kukijaza kipya, wakibaki na ganda lenye jina la kale. Mzee alijua mpaka ulipo. Waya ya umeme, vipande vya kaboni, kisahani: hivi viliumbwa vilike na vibadilishwe, wala hakuna aliyewahi kuvisikiliza. Lakini ile feni na vile vyumba viwili ndivyo sauti yenyewe. Ukivitoa, hukutengeneza filimbi. Umeizika na kuajiri nyingine. Nadhani katika kila kitu cha kale, kiwe ni ngoma, ni nyumba, au ni desturi, mwenye kutengeneza yampasa kwanza ajiulize, Sauti ni ipi, na watumishi wa sauti ni wepi? Akishajua, abadili watumishi bila hofu, na sauti ailinde kwa wivu.

Tena liko jambo linalotuhusu sisi walimu. Zamani, katika shule moja ya milimani, alikuwako mtoto wa kike ambaye hakujibu swali hata moja. Kila mwalimu aliyempokea aliambiwa kwamba huyo ni bubu wa akili. Kwao walisema Kisambaa tu, na maswali ya darasani yalikuja kwa Kiswahili cha mbio, moja likikanyaga kisigino cha jingine. Mwalimu mmoja, mwenzangu, akaanza kumwuliza polepole, akimpa muda, na mara nyingine akimwanzishia kwa lugha ya kwao. Kabla muhula haujaisha mtoto yule alikuwa akijibu kwa sentensi kamili. Akili yake haikutengenezwa na mtu. Ilikuwa nzima siku zote. Bawabu wake alikuwa akingoja mtu abishe kwa namna anayoijua. Ninapoiona swichi ile ya sumaku hunijia sura ya mtoto yule, nami hujiuliza ni wangapi tumewaandika katika daftari kuwa hawana sauti, na hali ubovu uko katika transfoma yetu.

Kwa msomaji atakayejaliwa kupata gari la namna hii, au kitu chochote cha kale kilichonyamaza, nampa mashauri machache. Msikilize kwanza mwenye kitu, umwandike maneno yake yote, hata yale yanayoonekana hayahusiani na ugonjwa. Chomoa umeme wa nyumba kabla ya kufungua kifuniko. Na kama hukufundishwa kazi ya umeme, ndani ya transfoma mwachie fundi aliyefundishwa. Safisha kabla ya kubadili, maana vitu vingi vilivyosemwa vimekufa vimelala tu chini ya uchafu. Jaribu pete moja ya mnyororo kwa wakati mmoja. Ukiikuta iliyokatika, usifurahi upesi ukakoma hapo: huenda iko ya pili, kama ilivyokuwa kwetu. Sauti iliyodhoofika polepole ilikuwa na sababu yake katika behewa, na ile iliyokatika siku moja ilikuwa na sababu nyingine katika transfoma. Aliyetafuta moja tu angaliacha kazi nusu.

Na kama kitu hicho ni cha dizeli cha miaka ile, kwa mfano vile vichwa vya rangi nyekundu na fedha vya reli ya Santa Fe ambavyo Lionel ilianza kuviuza mwaka 1948, jua kwamba honi yake hulishwa na betri kavu ya volti 1.5 iliyomo tumboni. Itazame betri hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Wengi waliisahau humo, ikavuja, na tindi yake ikala chuma chote kilichoizunguka. Toa betri kila unapokiweka kabatini. Ni kazi ya dakika moja, nayo huokoa kitu ambacho hakiundwi tena.